Nta ya karnauba ya bei ghali au silanti ya kawaida? Nimeigawa boneti vipande vitatu, Malindi

Baba Nasra (Malindi), Jumamosi, saa 4:10 usiku

Salaam aleikum wenzangu. Mlionicheka mwezi wa Juni nilipoweka picha ya kopo la nta la shilingi elfu saba, nimerudi na majibu. Mtacheka tena, ila si kwa sababu mliyodhani.

Kwa wageni: gari ni Premio ya buluu iliyokolea. Naliegesha nje, upande wa Shela, kama hatua mia tatu kutoka baharini. Wakati wa Kusi upepo unaingia moja kwa moja, na asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo ukakionja, ni chumvi tupu. Banda sina. Kivuli changu ni mwarobaini, na kwenye huo mwarobaini wanalala kunguru. Hapo ndipo jaribio lilipofanyika.

Nililiosha gari, nikapitisha klei (ule udongo laini unaong'oa vitu vilivyoganda kwenye rangi), kisha nikamwomba fundi apige polishi nyepesi ili boneti yote ianze sawa. Nikabandika utepe wa karatasi na kuigawa mara tatu. Upande wa dereva nikapaka karnauba ya kopo (nta ya mti), hiyo ghali. Upande wa abiria nikapaka silanti ya maji (kinga ya kiwandani ya kupaka juu ya rangi), polima tu, iliyonigharimu chini ya theluthi ya bei ile. Katikati, upana wa kiganja, sikupaka kitu. Majina ya makopo nayaacha, sitaki kesi wala sifanyi tangazo.

Siku ya kwanza, wallahi, nilimwita mke wangu atoke nje aone. Upande wa silanti uling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Upande wa karnauba ulikuwa kama halua inapotoka sufuriani kabla haijaganda: mng'aro una kina, buluu imezama ndani, ukiinamia unaona majani ya mwarobaini moja moja. Mke wangu akaangalia, akasema, "Upande ule mzuri. Sasa mchele umenunua?"

Wiki ya tatu matone ya maji upande wa karnauba yalianza kulala, hayasimami tena kama shanga. Wiki ya sita nikashindwa kuutofautisha na ule mstari wa katikati. Silanti ilikuwa bado inayafukuza maji wiki ya kumi na moja, ingawa kwa uvivu.

Na hapa ndipo mtakapocheka. Juzi nimeliosha vizuri, nikalikausha, nikawaita watu watatu waniambie mstari usiopakwa kitu uko wapi. Hakuna aliyeuona. Mmoja alinionyesha taa.

Basi nauliza: Kaskazi inakuja, vumbi na jua kali. Ninunue tena karnauba, nihamie silanti moja kwa moja, au niende seramiki (ile kinga ngumu ya kupigwa juu ya rangi) tumalizane? Gari silipeleki maonyeshoni, nalipeleka dukani na msikitini.

---

Dereva wa Usiku (Malindi), Jumamosi, saa 4:25 usiku

Elfu saba! Kaka, hiyo ni nusu ya matengenezo yangu ya mwezi, na mimi gari linanilisha.

Mimi vijana wananioshea kando ya barabara, ndoo moja, sabuni ya unga, kitambaa cha fulana ya kampeni. Linang'aa mpaka jioni, jioni nishapata abiria. Hiyo halua yako uile mwenyewe.

---

Fundi Rangi (Malindi), Jumamosi, saa 4:58 usiku

Baba Nasra, hongera kwa ule mstari wa katikati. Wateja wangu wengi hupaka gari zima halafu huniuliza, "Fundi, hii dawa inafanya kazi?" Sasa utalinganisha na nini?

Kwanza hilo neno la kwenye kopo. Likisema karnauba asilimia mia, usidhani kopo zima ni karnauba. Karnauba tupu ni ngumu kuliko nta zote za asili ninazozijua, inakuja kama vigae vya manjano, ukiibonyeza kwa kucha haina habari. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Kitu hicho hukipaki kwenye gari hata ukiwa na mikono ya mwanamieleka. Lazima kichanganywe na viyeyusho, mafuta, mara nyingi na nta ya nyuki, ndipo kikubali kuingia kwenye sponji. Asilimia mia ni kwamba karnauba iliyomo haikuchakachuliwa. Imo kiasi gani, hilo anajua mwenye kiwanda.

Ndiyo maana hesabu ya watu hupotea. Wanasikia nyuzi 82, wanasema jua la Malindi haliifikishi huko. Lakini kilichokaa kwenye boneti yako ni mchanganyiko, nao hulainika mapema. Ongeza chumvi, ongeza kitambaa unachopitisha kila asubuhi (najua unapitisha, nimekuona), ongeza sabuni. Wiki sita kwa gari linalolala nje karibu na bahari hazinishangazi. Gari la kulala ndani lingekufikisha miezi miwili, mitatu.

Pili, msichanganye polishi na nta. Wateja wananiambia "nipigie waksi", kumbe wanataka mikwaruzo iondoke. Mikwaruzo inaondoka kwa kusaga. Klia, ile vanishi ya juu ya rangi, kutoka kiwandani ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele wako. Kila nikipiga polishi nala kidogo. Nta haili kitu, wala haikuongezei klia. Inakaa juu tu. Kwa hiyo ukitaka kurudia nta kila wiki sita, rudia, lakini usije kwangu kila wiki sita unataka na mashine. Nitaila pesa yako na klia yako pamoja, na siku moja utaniona mbaya.

Tatu, jua. Kinachozuia jua lisiue rangi ni dawa iliyomo ndani ya klia yenyewe. Anayekwambia kopo la nta litazuia paa lisibabuke anakuuzia maneno. Paa likishaanza kubabuka kama ngozi ya mtoto aliyeshinda baharini, njoo kwangu na pesa ya kupiga rangi, nta peleka nyumbani.

Kwa maswali yako: silanti kwa kazi, karnauba kwa macho. Na ukipenda vyote viwili, silanti kwanza, iache ikae siku nzima ishike, kesho yake karnauba juu. Usigeuze. Silanti inataka kushika rangi safi, ukiipaka juu ya nta inashika nta, na nta ikiondoka inaondoka nayo.

---

Nahodha wa Matondoni (Lamu), Jumamosi, saa 5:20 usiku

Nasoma huku nacheka peke yangu. Sisi huku kisiwani magari ni ya kuhesabu, na punda hapakwi nta.

Lakini hayo mambo tunayajua toka kwa babu. Chombo kinapakwa sifa juu, mafuta ya papa yale, ubao usipasuke kwa jua. Chini kinapakwa deheni, chokaa na shahamu, mdudu asitoboe. Tunakipweleza bamvua, tunakwangua, tunapaka, maji yakija tumeshamaliza. Hakuna nahodha aliyewahi kuuliza deheni itadumu mwaka mzima. Haidumu. Unapaka tena.

Nyinyi wa magari mnataka upake mara moja ulale.

---

Dereva wa Usiku, saa 5:23 usiku

Nahodha, nikilipaka Noah sifa ya papa abiria watapanda wapi? Kwenye keria?

---

Nahodha wa Matondoni, saa 5:31 usiku

Utapata abiria paka.

---

Bi Mambrui, Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi nina Probox nyeupe, nabeba samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi mara nne kwa wiki. Nyuma kuna makasha, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika mlangoni mpaka kwenye bampa. Na ile barabara ya upande wa Gongoni malori ya chumvi ndiyo yako, ukipishana nayo unajiona umepakwa unga.

Fundi, mimi huo mng'aro wa halua sina haja nao, gari jeupe halina kina cha kuzamia. Nataka tu kutu isije kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Nta inasaidia au nisipoteze muda?

---

Fundi Rangi, Jumapili, saa 2:50 asubuhi

Mama, nta kwenye ngozi ya nje itakusaidia jambo moja tu: uchafu hautashika, ukimwagia maji unatoka upesi. Kutu yako haitaanzia hapo. Itaanzia ndani ya ukingo, pale bati linapokunjwa, na kwenye vitundu vya kutolea maji chini ya mlango, vikiziba kwa magamba. Zibua hivyo vitundu kwa kijiti. Mwagia maji baridi upande wa ndani kila ukirudi na mzigo, hata bila sabuni. Halafu uje nikupulizie mafuta mazito ya kuzuia kutu ndani ya mlango. Hiyo ndiyo deheni yako.

Ukibaki na nguvu, paka silanti kwenye ukingo na bampa. Nyeupe haitaonyesha tofauti kwa macho lakini utaiona kwenye kitambaa.

---

Mwalimu Mstaafu (Malindi), Jumapili, saa 4:05 asubuhi

Hamjambo wanangu. Magari siyajui sana, ila mmegusa mti na mimi nilifundisha jiografia.

Karnauba ni mti wa mbali, jamaa wa mnazi na mkoma, jina lake la kitaalamu ni Copernicia prunifera. Unaota kaskazini-mashariki ya Brazili, majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte, kwenye ukame. Majani yake yana umbo la pepeo kama mkoma wetu. Jani linajipaka nta lenyewe ili kiangazi kisilinyonye maji. Watu hukata majani, huyaanika, yakikauka huyapiga mpaka unga wa nta udondoke, kisha huuyeyusha. Majani machanga ambayo hayajafunguka ndiyo yanayotoa ile nta ya rangi ya manjano isiyokolea, ya daraja la juu.

Msidhani mmeanza kuitumia na magari. Imo kwenye Kiwi ya viatu. Imo kwenye peremende zile zinazong'aa na kwenye vidonge vya hospitali. Mkiona E903 kwenye karatasi ya pipi, ndiyo hiyo. Nasra ameshaila zaidi ya gari la baba yake.

---

Baba Nasra, Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Kwa hiyo nimelipa elfu saba kwa Kiwi?

---

Mwalimu Mstaafu, saa 4:41 asubuhi

Marahaba. Sikusema hivyo. Na usije ukaipaka Kiwi kwenye gari, ile ina rangi ya viatu. Kuna mjukuu wangu mmoja alimng'arishia mamake bampa kwa Kiwi nyeusi, kila aliyepita akaondoka na alama kwenye kanzu.

---

Baharia wa Watamu, Jumapili, saa 6:20 mchana

Mimi nafanya kazi kwenye boti za kuvulia za wageni, hizi za faiba, na chumvi ndiyo mwajiri wangu wa pili. Nashangaa hakuna aliyetaja njia ya katikati. Zipo nta zilizochanganywa, karnauba pamoja na polima. Sisi tunatumia Collinite 845, inaitwa Insulator Wax, na jina hilo halikuja bure: ilitengenezwa kwa ajili ya vihami vya nyaya za umeme, vile vya kauri, uchafu na chumvi visishike juu yake vikaleta shoti. Ukifikiria vizuri, nguzo ya umeme ya ufukweni na gari la Baba Nasra zina shida moja.

Ni majimaji mazito, ikipata baridi inaganda kwenye chupa, lakini Watamu hilo halitakupata. Unapaka nyembamba sana. Narudia, sana. Mtu akiona chupa ndogo anadhani ataimaliza kwa magari mawili. Mimi yangu nimeipaka boti na gari la kaka yangu na bado inacheza ndani.

Mng'aro wake haufiki kwenye halua ya Baba Nasra, ila unapita sahani. Na kwenye boti, jua lote na maji ya chumvi kila siku, inanipa muda mara mbili ya ile nta ya kopo niliyokuwa nayo kabla.

---

Kijana wa Barabara ya Lamu (Malindi), Jumapili, saa 8:10 mchana

Mimi nilipiga seramiki mwaka jana, niwasimulie.

Nililipa pesa ambayo sitaiandika hapa kwa sababu baba yangu pia yumo humu. Niliambiwa miaka mitatu, niliambiwa ugumu wa 9H, hata msumari hautakwaruza. Miezi minne ya kwanza nilikuwa mfalme. Maji yanakimbia, matope yanakimbia, hata mende nadhani wangekimbia.

Shida ilianza na bustani. Jirani ana bomba la kumwagilia nyasi, na maji ni ya kisima, yale mazito ya chokaa. Kila alfajiri linanyunyizia ubavu wa gari, jua linatoka, matone yanakaukia pale pale. Sasa nina alama za duara, nyeupe, mamia, kama gari limeugua surua. Waliopiga wanasema si kosa lao. Huenda kweli. Lakini hakuna aliyenionya kwamba tone likisimama vizuri kama shanga, linakaukia pamoja na chokaa yake yote mahali pamoja.

---

Fundi Rangi, Jumapili, saa 8:45 mchana

Hapo umesema neno kubwa, na nta pia iko hivyo. Watu wanapenda kupiga picha matone. Matone si kinga, ni pambo. Kwa maji yetu ya kisima ni heri kitu kinachoyatelezesha maji yote kwa pamoja kuliko kinachoyasimamisha yakauke.

Na hiyo 9H isikutishe. Ni kipimo cha penseli, zile za kuchorea, 9H ndiyo ngumu katika hizo. Ina maana penseli haikukwaruza. Msumari si penseli, mchanga si penseli. Seramiki nzuri ni nzuri, mimi napiga na sijuti, lakini rangi lazima isawazishwe kwanza, ifutwe kwa spiriti, ipigwe chini ya paa, na baada ya hapo mwenyewe aoshe kama mtu mwenye akili. Asiyeosha, seramiki itamhifadhia uchafu wake kwa miaka mitatu.

Hizo alama: chukua siki nyeupe, changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa, weka juu ya alama dakika moja au mbili kivulini, suuza kwa maji mengi. Jaribu sehemu ndogo. Chokaa inakubali asidi. Zikikataa, zimeshachimba, itabidi polishi, na hapo seramiki ya sehemu hiyo inakwenda nayo.

---

Dereva wa Usiku, saa 8:52 mchana

Ukwaju je? Mama yangu anasafishia sinia za shaba kwa ukwaju.

---

Fundi Rangi, saa 8:59 mchana

Ukwaju ni asidi pia, lakini una nyuzi na mchanga. Upike mchuzi.

---

Mpita Njia (Malindi), Jumapili, saa 11:05 jioni

Naongeza kwenye matone. Niliambiwa tone la maji kwenye gari lililopakwa nta linakuwa kama kioo cha kukuzia, jua linapita ndani na kuchoma rangi. Ndiyo maana mimi sipaki kitu.

---

Baharia wa Watamu, saa 11:30 jioni

Hilo tunalisikia kila siku na sijaliona. Tone limekaa juu kabisa ya rangi, halina nafasi ya kuukusanya mwanga kabla ya kuufikisha. Kinachobaki ni chumvi na chokaa. Ukiona alama, ionje. (Usionje ya kunguru.)

---

Baba Nasra, Jumapili, saa 3:00 usiku

Kunguru! Asante kwa kunikumbusha, nilisahau kuandika sehemu hiyo, na labda ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Wiki ya pili kunguru waliiheshimu boneti yote bila kubagua, kipande kwa kipande. Nilikuwa nimesafiri kwenda Mombasa, nikarudi baada ya siku mbili. Upande wa karnauba na wa silanti nililowesha kitambaa, nikakiweka juu, nikasubiri, uchafu ukatoka wenyewe. Kwenye ule mstari wa katikati ulitoka pia, ila uliacha kivuli, duara dogo lililofifia. Niliwaambia watu watatu hawakuuona mstari. Kweli, lakini mimi nalijua hilo duara na naliona kila nikifungua boneti kuangalia maji.

Kwa hiyo kuna kinga, nakubali. Ni ile ya kukupa siku moja ya ziada kabla uchafu haujala.

Fundi, umenitaja nikipitisha kitambaa asubuhi. Kosa langu liko wapi? Nafuta umande tu.

---

Fundi Rangi, Jumapili, saa 3:22 usiku

Unafuta umande na chumvi na mchanga wa Kusi, kwa kitambaa kikavu, kabla ya chai. Hiyo ni msasa laini. Ile mistari ya duara inayoonekana kama utando wa buibui jua likipiga, hukuipata barabarani, umejichorea mwenyewe.

Chumvi isifutwe, imwagiwe. Maji mengi kwanza, bila kugusa. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji. Shampuu ya gari, si sabuni ya unga. Ile ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta, na nta ni nini kama si mafuta? (Dereva wa Usiku, nawe soma hapa.) Maji ya mwisho yasiwe ya kisima. Kama mfereji unatoa yale ya Baricho, tumia hayo. Au kinga ya mvua kwenye pipa, hayana chokaa kabisa. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, ukilaza na kuvuta, usisugue.

Ukifanya hivyo tu, bila nta yoyote, gari lako litapita magari mengi yaliyopakwa.

---

Bi Mambrui, saa 3:40 usiku

Nimezibua vitundu. Yametoka magamba ya samaki changu na shilingi kumi.

---

Dereva wa Usiku, Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Fundi umenisema mbele za watu lakini sawa. Swali langu la kweli basi, bila mzaha. Nataka kuiuza Noah mwezi wa Desemba. Ni nyeusi. Wanasema kizuri chajiuza. Kwa siku moja tu, ya kuonyesha mnunuzi, nipake nini?

---

Fundi Rangi, Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Sasa ndiyo karnauba hiyo. Gari jeusi, siku moja, jua la saa kumi. Hapo hakuna silanti wala seramiki itakayoishinda.

Lakini uipake inavyotakiwa. Paka mapema, saa moja asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi. Sehemu moja moja: mlango, umalize, ndipo mlango mwingine. Nyembamba kama pumzi kwenye kioo. Ukiona weupe mzito umepaka ya magari matatu. Na hapa pwani hewa ina unyevu, nta inachelewa kukauka, usihesabu dakika za kwenye kopo. Pitisha kidole: kikiacha njia safi, futa, kikiburura mafuta, subiri. Plastiki nyeusi zote zifunge kwa utepe, nta ikikaukia pale inakuwa nyeupe na mnunuzi ataangalia hapo kabla ya injini.

Na mwambie kama gari liligongwa. Nta haifichi.

---

Dereva wa Usiku, saa 2:11 asubuhi

Liligongwa kidogo tu.

---

Baba Nasra, Jumatatu, saa 3:15 usiku

Nimesoma yote mara mbili. Nitafanya hivi. Kazi ya kila siku nitamwachia Baharia: hiyo ya vihami vya umeme, mara mbili kwa mwaka, Kusi inapoanza na Kaskazi inapoanza. Pipa la maji ya mvua nimeshamwomba mtu. Kitambaa cha asubuhi nimekitundika jikoni, kimepata kazi nyingine. Seramiki hapana, si kwa maji ya mtaa huu na si kwa kunguru hawa.

Kopo la karnauba limebaki zaidi ya nusu. Dereva, njoo uchukue ya Noah, ila urudishe kopo. Mdogo wangu anaoa mwezi wa Januari na gari la bwana arusi ni hili langu; siku ile nitapaka halua gari zima, maua juu, wiki sita baadaye iende inakotaka kwenda.

---

Nahodha wa Matondoni, Jumatatu, saa 3:50 usiku

Baba Nasra, nilicheka, nimeacha. Hiyo nta ikibaki baada ya arusi usiitupe. Mashua yangu ina ubao wa jina, mvule, umechongwa na marehemu baba, na sifa inauficha kwa weusi. Nataka uonekane. Ukija na gari mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, nitakuja kukupokea na mashua yenyewe.

---

Baba Nasra, saa 3:58 usiku

Nitakuja nayo. Na gari nitaliacha wapi pale gatini, kuna kivuli?

---

Nahodha wa Matondoni, saa 4:02 usiku

Hakuna. Lakini kunguru ni wachache.